Ndege Yako Umeipima Kwenye Mteremko

Kwa mwanangu Makori, hapo nyumbani Manga.

Bwakire, tata, yaani hujambo, baba. Nakusalimu wewe kwanza, ingawa nimekukasirikia. Namsalimu mke wako Atieno, na ni kwa ajili yake nimeandika Kiswahili badala ya Kikisii chetu, ili asome mwenyewe na usimfiche hata neno moja. Namsalimu nyanya yako, mguu wake unaendeleaje, ile dawa ya kuchua ilifika? Namsalimu mjukuu wangu Moraa, mwambieni namkumbuka kila nikikanda chapati. Namsalimu dada yako Kerubo huko Kiogoro, mkimwona. Baba yako mdogo Onchiri namsalimu pia, lakini nina neno naye, linakuja. Hata ng'ombe namsalimu, amezaa au bado? Mimi niko mzima, ila baridi ya Nanyuki inaingia kwa mifupa, na tangu Jumanne moyo wangu haujakaa.

Sasa nisikilize. Kwa simu ulinikata. Karatasi haikatwi.

Ulipotuma picha ya ndege yako nilishangilia mpaka nikamwaga chai. Nilizunguka nayo banda lote hili ninalopikia mafundi, nikisema, oneni, huyu ni mwanangu, ameiunda kwa mikono yake hapo kwetu kando ya migomba. Unamjua Fundi Mwangi, nimekuambia habari zake, yule mzee anayesaidia watu kuunda ndege zao ndogo hapa. Alivaa miwani akaangalia muda mrefu. Nilidhani anatafuta maneno ya kukusifu.

"Mama Makori," akasema, "tenki la mafuta liko wapi?"

Nikamwambia kwa maringo, "Liko nyuma ya viti. Na ule mrija wa mpira wa kuonekana ndani, uliosimama mbele ya tenki, ndio unaonyesha mafuta yamefika wapi. Alama ameweka mwenyewe, akimimina lita moja moja."

"Alimimina ndege ikiwa imesimama hapa hapa kwenye picha?"

"Hapo hapo."

"Mama, hapa si mahali pa kusimamisha ndege. Hapa ni pa kuteremsha mbuzi!"

Wakacheka wote. Mimi nilitabasamu tu, sikuelewa. Basi akachukua jagi langu la plastiki likiwa nusu ya maji, akaliinamisha kama ndege yako ilivyo pale, mkia chini, pua imeelekea juu kwa jirani. Maji yakakimbilia nyuma. Upande wa mbele yakabaki chini kabisa, akachora hapo kwa mkaa. Kisha akaliweka jagi sawa mezani. Maji ya upande wa mbele yakapanda yakapita ule mkaa, na hakuna mtu aliyeongeza hata tone.

"Umeona?" akaniuliza. Sasa hakuwa akicheka. "Akiwa huko juu, ndege imelala sawa, mpira utamwambia ana lita kumi. Pengine ana nne."

Lita nne, Makori! Hazijazi hata kidumu cha maziwa cha nyanya yako. Na chini yako ni Manga, mawe na mabonde na paa za watu. Utatua wapi?

Ndipo nikakupigia. Ukanijibu nini? "Mama, wewe unapika huko, huendeshi ndege." Halafu ukakata. Atieno, ulikuwa karibu, ulisikia mumeo alivyonijibu? Ndiyo, mimi ni mpishi. Shule niliacha darasa la nne, na barua hii naiandika siku ya pili sasa. Lakini nani anajua kuliko mpishi, sufuria ikiinama mchuzi unaenda upande gani?

Na wewe Onchiri, shemeji yangu, uliyemsaidia kuiunda. Wewe ni fundi wa nyumba. Hata choo cha watu hujengi bila pima maji, unalala chini kifudifudi ukiangalia kile kipovu kama kimekaa katikati. Mtoto wa ndugu yako mwenyewe ukampimia kwa macho! Baba yake angekuwa hai ungemwambia nini? Najua utasema hamkuona mteremko. Ni kweli, hamuuoni. Sisi tumezaliwa kwenye mteremko, meza yetu ina jiwe chini ya miguu miwili na kitanda cha nyanya kina tofali, na tunasema nyumba iko sawa. Lakini ndege haitiwi jiwe huko juu.

Sasa fanyeni hivi, na msinijibu. Ipelekeni ndege kwenye uwanja wa shule. Inueni mkia muuweke juu ya meza mpaka kile kipovu cha Onchiri kikae katikati. Toeni mafuta yote. Futeni zile alama zote, hata moja isibaki ya kuwadanganya. Kisha mmimine lita moja, mngoje itulie, Atieno achore. Lita nyingine, mngoje, achore. Achore Atieno, maana wewe una haraka. Na ule mpira utupeni. Niliutambua kwa picha, ni wa Onchiri wa kutia maji na kupimia usawa wa msingi, Fundi Mwangi anasema petroli itaufanya mgumu na wa njano mpaka usione kitu. Mwingine wa kufaa uko ndani ya kifurushi hiki, yeye mwenyewe amenipa.

Nimesikia unataka kuruka Jumapili watu wakitoka kanisani, kabla hata mkaguzi wa ndege hajafika, na kiti cha pili umemwahidi Atieno. Mama wa Moraa! Mkianguka wote wawili, mtoto atabaki na nani? Au na mimi, mpishi?

Nisalimie mama mkwe wangu, na shemeji mwenye pima maji, na mtoto. Wewe salamu zako za kwaheri nazishika kwanza.

Fundi Mwangi amekadiria mafuta yanapaswa kuanza kuonekana kwenye mpira lita ya ngapi. Sikuambii. Nataka Atieno aniandikie hiyo namba, si wewe, na nitajua kama mmepima au mmenidanganya. Namba isipofika kufikia Ijumaa, Jumamosi nashuka gari hapo Keumbu, napanda mpaka nyumbani, na Jumapili watu wakitoka kanisani watanikuta nimekaa juu ya hilo bawa na leso yangu na jagi langu. Uruke basi, nikuone.

Tata, nilikubeba mgongoni kwenye mlima huo huo. Nijibuni upesi.

Mimi mama yako,
Bosibori, mpishi.