Nyapara wa Haki

Rwamgasa,
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Mimi ni mzima. Najua simu haikufai tena tangu mashine za kuchambua pamba zikuzibe masikio, kwa hiyo barua hii nimempa kondakta wa basi, ataiacha dukani kwa Mama Nelly.

Nina habari. Tajiri wetu, Marselino, amenifanya msimamizi wa zamu kwenye duara lake, shimo lake la dhahabu. Wapo wachimbaji kumi na mmoja chini yangu, na mkubwa wao kwa umri ni Mwigulu, yule aliyenifundisha kazi hii nilipofika sijui hata kushika nyundo. Kila asubuhi natangulia kushuka peke yangu, nagonga matimba yote yanayoshikilia kuta. Gogo zima linalia, lililooza linanyamaza. Nikipanda nikasema "twendeni", ndipo wanashuka. Mwigulu ananitania: "Mkubwa wetu anaonja mboga kwanza, asije akatuua."

Sikubuni mimi, Baba. Nimelelewa na mtu ambaye hata leo akipita sokoni anaitwa nyapara wa haki.

Mwanao,
Stanslaus

Songwa,
21 Februari 2024

Mwanangu Stanslaus,

Mwangaluka. Kifua kinanisumbua asubuhi, mchana kinanisahau. Mahindi ya kwanza yalinyauka, tumepanda mengine.

Barua yako nimeisoma mara nne, kisha nikampelekea mchungaji naye aisome. Mtu akikabidhiwa watu amekabidhiwa na roho zao. Usibadilike. Wabeja sana kwa kunikumbuka.

Baba yako

Rwamgasa,
25 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua imewafikia na huko. Hapa imezidi. Maji yanaingia duarani, na matimba ya hatua ya tatu kwenda chini yamelainika. Jana niligonga sita, manne hayakutoa sauti. Nilimfuata Marselino nikamwomba magogo mapya. Akaniambia wameufikia mwamba wenye dhahabu, magogo yatasubiri wiki mbili. Nikamwambia watu wanaweza kufa. Akasema, "Stanslaus, nilikuweka pale uwashushe, sikukuweka uwatishe."

Wenzangu nao hawataki kusimama. Hapa mtu halipwi mshahara, anapata mgao wa mifuko ya mawe. Asiposhuka hana kitu.

Wewe ulisimamia watu miaka mingi. Ungefanya nini? Nijibu upesi.

Mwanao,
Stanslaus

Songwa,
1 Aprili 2024

Mwanangu,

Hatujambo, salamu nyingine nitakuletea baadaye. Umeniuliza ningefanya nini. Ningekataa. Simama mdomoni mwa duara, mwambie tajiri mbele ya watu wote kwamba hushuki na humshushi mtu. Akikufukuza, ondoka na heshima yako. Watu wakimwona mkubwa wao amesimama, nao husimama. Mimi nakwambia.

Baba yako

Rwamgasa,
16 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo.

Nilifanya ulivyosema. Jumatatu ya tarehe nane nilisimama mdomoni mwa duara, nikasema hashuki mtu. Marselino hakubishana. Aliwatazama wenzangu akauliza, "Nani anataka usimamizi?" Hakuna aliyejitokeza, nikadhani tumeshinda. Kisha Mwigulu akaokota kofia yake. Nikamshika mkono. Akaniambia polepole, kama mtu anayeona aibu, "Mdogo wangu, nina watoto watano. Haki yako ni nzuri, lakini hailiwi."

Walishuka wote. Mimi nikafunga mizigo yangu nikahamia kwa rafiki, nikangoja waje waniambie nilikuwa sahihi.

Alhamisi hatua ya tatu iliporomoka. Tulichimba siku mbili kwa majembe na mikono. Wanane walitoka wazima. Tuliwatoa Mwigulu na vijana wawili aliokuwa nao, wameshikana.

Msibani nilikwenda kumpa pole mkewe, Paskalia. Hakulia. Alisema, "Shemeji, kila asubuhi ulikuwa unagonga yale magogo. Zile siku tatu nani aliyagonga?"

Mwigulu hakuyagonga, Baba. Alitakiwa kutoa mawe haraka kuonyesha kwamba anaweza. Ningebaki, ningewahamisha kutoka upande ule, ningeegesha hata magogo ya zamani, ningewapigia kelele watoke. Niliondoka na heshima yangu, nikawaachia kifo.

Wewe ulipokataa kule kiwandani, waliobaki walifanyaje? Hukuwahi kunisimulia.

Stanslaus

Songwa,
2 Mei 2024

Mwanangu,

Poleni sana na msiba. Karatasi hii ni ya tatu, mbili nimezichana.

Sikuwahi kukataa. Mwaka 1987, pale Shinyanga, mashine moja niliyokuwa naitunza ilikaa wiki tatu bila kifuniko cha meno. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nafasi ya unyapara ilikuwa inatafutiwa mtu. Mama mmoja wa Kikurya, Ghati, aliingiza mkono wa kulia kuondoa pamba iliyokwama, ukaliwa mpaka kwenye kiwiko. Wakuu waliponiuliza nilisema alikuwa mzembe. Mwezi uliofuata nikawa nyapara.

Baada ya hapo niliwatendea watu vizuri, hilo si uongo. Lakini nilitenda kwa hofu. Uliponiuliza ningefanya nini, nilikuandikia kile nilichotamani kuwa nimefanya. Nilikuelekeza njia ambayo sijawahi kuipita hata hatua moja, nikasema naijua.

Damu ile si yako peke yako. Nijibu, hata kwa matusi.

Baba yako

Songwa,
7 Julai 2024

Mwanangu Stanslaus,

Hujambo? Hii ni barua ya nne bila jibu. Kondakta amenionyesha kwa vidole na midomo kwamba unazipokea, unazitia mfukoni bila kuzifungua. Amenielewesha pia kwamba unachimba duara jingine, na kwamba ulipopewa usimamizi ulitikisa kichwa.

Wiki iliyopita nilikwenda Kharumwa. Ghati anaishi huko kwa binti yake. Nilipiga magoti nikamweleza yote: kifuniko, wiki tatu, neno "mzembe". Akaanza kusema, nami sisikii. Mjukuu wake akaandika maneno yake kwenye daftari la shule, akanigeuzia nisome:

"Bibi anasema alijua siku ileile. Anasema wote uliokuwa nao kazini walijua. Walikuita wa haki kwa sababu walikuwa chini yako, wakatumaini ukiitwa hivyo utakuwa hivyo."

Miaka thelathini na saba nimeitikia jina lile sokoni.

Hakunifukuza. Alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, akanisogezea kikombe. Nilikishika kwa mikono yote miwili, na sikuweza kukiinua.

Baba yako