Kila Mtu na Kigoda Chake

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko chuoni? Mimi mzima, ila goti linasumbua na cherehani inakata uzi kwa makusudi.

Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Yule binti aliyefungwa kwa kuiba spika za kanisa ametoka gerezani. Kwao wamemfungia mlango, basi nimempa chumba chako. Usinune, wewe una kitanda huko. Jumatano jumuiya ilipokuja kusali, kila mtu akachukua kigoda chake anachokiacha hapa kwangu. Yeye hana, nikampa changu, nikakalia ndoo. Mzee wa kanisa akafunga Biblia kabla ya sala ya mwisho. Tangu nizaliwe sijaona sala ikikatishwa kwa ajili ya makalio ya mtu mmoja.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti umelipaka dawa?

Mzee wa kanisa amenipigia simu. Unajua nabarikiwa kuwa mchungaji mwezi wa sita, na wazee wa huko nyumbani ndio wa kunipendekeza. Wanasema hawanipendekezi mpaka yule binti aondoke kwako. Sisemi umtupe barabarani. Mtafutie pengine kwa muda tu, nikishabarikiwa tutaona. Nimehangaika sana kufika hapa, Mama. Usiniharibie.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Sijambo, na goti linakusalimu.

Simtoi. Kama hujaelewa, rudia kusoma hapo.

Jumatano walikuja, nikadhani wamekuja kusali. Kumbe wamefuata vigoda! Jumuiya imehamia kwa mzee wa kanisa. Walikuwa wanatoka mmoja mmoja huku wanatazama dari, kana kwamba dari yangu ina jipya. Jirani yangu, niliyemshonea gauni la harusi, alilia kabisa, lakini chake alikibeba. Tukabaki mimi na binti, kigoda kimoja na ndoo. Tukaimba. Yeye ana sauti, mimi nina kelele. Nikafungua madirisha yote wasikie.

Hivi huko chuoni wanawafundisha ushirika ni nini? Baba yako alipofariki, watu hawa hawa walijaa humu ndani mpaka uani, na hakuna aliyeniuliza kama marehemu alikuwa mtu mwema. Wewe unajua hakuwa. Ushirika nilioujua ndio ule, sina mwingine. Kama uchungaji wako unaanza kwa kumtoa mtu nje, uanzie nyumba nyingine, si hii.

Mama yako, bado

30 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Kimya chako kimekuwa kirefu. Nuna, lakini ule vizuri.

Jirani amerudi Jumatano na kigoda chake. Alikiweka palepale pa zamani akakaa. Nami sikumuuliza.

Mama yako

22 Mei

Shikamoo Mama,

Ni mzima, na nakula.

Nilikukasirikia sana. Nilikuwa hata nakuombea ubadilike, eti mimi! Juzi mzee wa kanisa akapiga tena. Akasema niwaandikie tu kwamba sikubaliani na wewe, nao watanipendekeza siku hiyohiyo. Nilichukua karatasi, Mama. Kisha nikakumbuka msiba wa Baba, na yeye mwenyewe mzee alivyokuwa anapasua kuni uani kwetu. Nikampigia nikamwambia mama yangu yuko sawa, na huyo binti ni wetu.

Kwa hiyo mwezi wa sita sibarikiwi. Sikudanganyi, imeniuma. Wenzangu wanapimwa kanzu na mimi ndiye ninayewashikia pini. Lakini sitamwangukia mtu miguuni.

Nimetengeneza kigoda kwenye karakana ya chuo. Mguu mmoja mfupi, utacheka. Jumatano ijayo nakuja nacho, msinihangaikie pa kukaa. Chumba kibaki cha dada, mimi nitalala sebuleni. Mwambie achague wimbo, na madirisha yote yawe wazi.

Mwanao