Moshi Wangu Umo Kwenye Kipimo

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono haraka, maana Jumamosi si mbali, nami nina furaha na hofu kwa pamoja.

Mimi ni fundi pikipiki, naishi na dada yangu na mwanawe kwenye nyumba inayopakana na uzio wa kiwanja cha ndege, ambapo ndege zikiruka vikombe vinacheza kabatini, na malori ya mizigo yanasubiri zamu barabarani yakinguruma kutwa, ukianika nguo nyeupe unaanua za kijivu, na mpwa wangu kifua kinambana hadi mama yake anamlaza akiwa amekaa. Basi tukalalamika mtaa mzima, tukaletewa mashine ya kupima hewa, ikafungwa kwenye paa letu kwa kuwa ndilo bapa, na aliyekuja kuifunga, mshauri wangu, ni dada mmoja mwenye buti kubwa na kicheko cha kumwangusha mtu ngazini, nami ndimi niliyeishika ngazi!

Nilimpenda palepale. Vipimo huenda vyenyewe ofisini kwao kwa mtandao, na vikipanda ghafla yeye huja kukagua, basi nikagundua kwamba nikiwasha pikipiki kuukuu pale chini ya dirisha la chumba cha dada yangu na kuipiga resi, moshi unapanda moja kwa moja hadi kwenye mashine, na haupiti muda yuko mlangoni, mimi nimeshaoga na shati jipya mwilini. Nimefanya hivyo mara nyingi, sikufichi. Siku hizi huja hata hewa ikiwa ya kawaida, eti anakaza skrubu, anakunywa chai, anamuulizia mpwa wangu, nami sijihisi nikikanyaga chini!

Sasa Jumamosi atasoma vipimo vyote mbele ya wakubwa wa kiwanja, tunataka malori yahamie geti la nyuma na yazime injini yanaposubiri, na wakubwa wanakuja na wataalamu wao. Jana akaniambia, "Kaka fundi, paa lako ndilo litakalotuokoa." Nikatabasamu, nikamwongezea chai. Nikisema, nampoteza yeye, na majirani watanila mbichi. Nikinyamaza, wataalamu wakigundua watavitupilia mbali vipimo vyote, na malori yatabaki palepale. Nifanyeje?

Fundi wa Uzioni

JIBU

Fundi wa Uzioni, nimecheka mpaka machozi, kisha nikamkumbuka mtoto anayelala amekaa, kicheko kikakatika. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini hakuna aliyekuambia umkohoze mpwa wako! Huo moshi, kabla haujafika paani, ulipita dirisha la nani? Umeandika mwenyewe na wala hukushtuka.

Usisubiri Jumamosi. Leo funga karakana, nenda ofisini kwake na shati lako la kazi, umtajie kila siku unayoikumbuka, aviondoe vipimo vya siku hizo. Usiogope kwamba hakitabaki kitu. Pikipiki yako haikurusha ndege wala haikuleta malori, na nguo za majirani hazikugeuka kijivu kwa sababu ya mahaba yako. Kitakachobaki ni kichafu cha kutosha, na hakuna mtaalamu atakayekitupa. Kisha mkutanoni simama useme mwenyewe kabla hujasemewa. Majirani watakununia, waache wanune, pikipiki zao zikiharibika watakuja tu.

Na huyo dada, hebu tumia akili! Anaona ofisini kila kinachopanda na kushuka, na ndiyo kazi yake kuujua moshi. Nahisi keshakushuku, anangoja useme. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Ila skrubu gani hiyo, mwanangu, inayolegea kila wiki? Hasira zikipoa, mkaribishe chai siku ambayo mashine haina tatizo lolote. Akija, utakuwa umepata jibu ambalo mimi siwezi kukupa.

Na kuanzia leo, pikipiki isukume mpaka mbali na nyumba ndipo uiwashe. Mtoto amelala.