Nililala Mama Akikata Roho

Shangazi mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati, maana watu wangu wote wamenichukia katikati na hakuna aliyefika mwisho.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamume wa miaka arobaini na minne, nina mke na binti mmoja, na nina kilo mia moja thelathini na nane, ambazo nimezijua juzi tu, kwa sababu fundi nguo ana balaa lake, ananenepa asijue, kila suruali ikinibana naifumua ubavuni naongeza kitambaa, kila shati likinikaba nasogeza kifungo, miaka kumi imepita nikijishonea uongo mwenyewe, na shingo yangu iliyokuwa inchi kumi na tano sasa ni kumi na tisa na nusu.

Tatizo langu ni usingizi. Nalala kwa muda wa saa nane, hata tisa, naamka kama mtu aliyepigwa, mdomo mkavu, kichwa kinagonga, na ikifika saa nne asubuhi nasinzia juu ya cherehani. Sindano imenipita kidoleni mara tatu. Mafundi wawili ninaoshirikiana nao chumba cha kazi wamenibandika jina la Jenereta, mteja akiingia anikute nakoroma wanamwambia, "Karibu, usiogope, umeme ulikatika tukawasha jenereta," na mimi nikizinduka nacheka nao, kwa sababu mtu mnene akikasirika anachekwa mara mbili.

Mke wangu alihamia chumba cha binti yetu mwaka juzi. Kabla hajahama aliniambia asubuhi moja akinimiminia chai, "Mwenzangu, wewe ukilala unaacha kupumua." Nikamjibu kwamba ningekuwa naacha kupumua angekuwa amekwisha kuvaa nguo za matanga. Akasema, "Sikutanii. Unakoroma, halafu kimya, nahesabu mpaka thelathini, halafu unashtuka kama mtu anayetolewa majini." Nikamwambia kama amekosa kazi akahesabu vigae vya jirani.

Sasa sikiliza lililonifika. Mama yetu aliugua moyo, akalazwa wiki tatu, na sisi watoto wake watatu tukagawana zamu za kukaa naye, dada yetu mkubwa asubuhi, mdogo wetu jioni, mimi saa sita mpaka saa kumi. Siku ile nilimkuta ana nguvu kidogo, anaongea, ameomba hata kuchanwa nywele, nikamchana. Akaniambia, "Vuta kiti, mwanangu, kaa karibu, leo sitaki kuwa peke yangu." Nikavuta kile kiti cha plastiki, nikamshika mkono, naye akaanza kunisimulia, "Siku ile baba yako aliponifuata kwetu mara ya pili," na hapo, shangazi, ndipo ninapoishia, sijui baba alikuja kusema nini, sijui hata hiyo mara ya kwanza aliondokaje, nililala.

Niliamshwa na dada akinipiga begani. Alikuwa amerudi kuleta uji. Akasema, "Amka. Amka umwone mama yako." Mkono wa mama bado ulikuwa kwenye mkono wangu na ulikuwa umeanza kupoa. Mama mmoja wa kitanda cha pili, mwenye mguu uliofungwa hogo la plasta, alisema mama aliniita mara tatu kwa sauti ndogo, na yeye alijaribu kuniita, na nesi alikuwa upande wa pili wa wodi, na mimi nilikuwa nakoroma kiasi kwamba hakuna aliyesikika.

Siku ya mazishi dada aliwaambia watu waliokuja kutupa pole, mimi nikiwa nimesimama palepale, "Huyu ndiye aliyemkoromea mama akikata roho." Miezi miwili sasa hapokei simu yangu. Mdogo wetu anapokea, nikimaliza kuongea anasema "sawa", basi. Dada anasema ulafi na uvivu ndivyo vilivyonilaza, na mimi nimeanza kuamini, kwa sababu tangu siku ile nakula kuliko zamani, namaliza mkate mzima nimesimama jikoni, na ili nilale usingizi wa kushiba nisisinzie tena mchana nimekuwa nikimeza vidonge vya usingizi, viwili kila usiku, nilivyonunua mwenyewe duka la dawa, juu ya bia mbili, na bado naamka nimechoka zaidi ya nilivyolala. Siku nyingine nikipanda kitandani nasema moyoni, kile kimya anachokihesabu mke wangu, leo kisiishie thelathini.

Je, mimi ni mlafi na mvivu kama dada anavyosema? Na mtu aliyekwisha kuzikwa anaombwaje radhi?

Ni mimi,
Fundi, au Jenereta kama walivyozoea

*

Fundi,

Nimefika mwisho, na sijakuchukia. Lakini naanza na ile sentensi yako ya kimya kisiishie thelathini, kwa sababu umeipitisha haraka ukidhani sitaiona. Mwambie mkeo maneno hayohayo leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Mwambie na daktari. Siku wazo hilo likikuzidi nguvu usikae nalo chumbani, toka, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata ukiwa na kandambili miguuni.

La pili, vidonge na bia viishe leo. Vidonge hivyo hukuandikiwa na mtu. Vitu hivyo vinalegeza koo, na koo lako tayari linakuua polepole.

Nimemuuliza daktari wa mapafu, naye hakushangaa hata kidogo. Mafuta hayakai tumboni peke yake, bwana. Yanajazana shingoni kuzunguka njia ya hewa, yanaingia mpaka ndani ya ulimi. Ukiwa macho misuli ya koo inaishikilia njia ikae wazi. Ukilala inalegea, ule uzito unaiangukia, hewa inakatika, na tumbo nalo ukilala chali linayasukuma mapafu yakose nafasi. Ubongo ukiona hewa imekwisha unakushtua uvute pumzi, kisha unalala tena, halafu tena, mara ishirini au thelathini kwa saa, na asubuhi hukumbuki hata moja. Kwa hiyo hizo saa tisa unazojivunia ni viraka vitupu. Na mwili usiolala una njaa ya ajabu, unadai mkate, mkate unaongeza mafuta, mafuta yanazidi kubana koo. Wapo hata wembamba wenye ugonjwa huu. Dada yako anauita ulafi na uvivu kwa sababu hajui jina lake, na wewe ukaupokea kwa sababu ulitaka kuadhibiwa.

Ila kosa unalo, na nitakuonyesha liliko, maana umelitafuta mahali pasipo. Haliko kwenye kile kiti cha wodini. Liko mezani kwenye chai, mwaka juzi. Mwanamke alikesha akikuhesabia pumzi, akakuletea habari, ukamtuma akahesabu vigae. Hilo ndilo la kuombea radhi, na mwenye kuombwa yuko hai, yuko chumba cha pili.

Kuhusu mama yako sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alichotaka kukusimulia hutakijua. Kimekwenda naye, na utaishi na pengo hilo siku zako zote. Lakini moyo uliomuua ulikuwa unamuua kwa wiki tatu, mchana na usiku, mbele ya madaktari waliokuwa macho, na ungekuwa macho na wewe ungeuona tu ukisimama. Usingizi wako ulikunyima kumuaga. Haukumuua.

Dada yako usimpigie tena kwa sasa. Naye alifika na uji mama amekwisha kukata roho, na mtu aliyechelewa hutafuta wa kumbebesha. Ukipata majibu ya daktari mpelekee kwa maandishi, kupitia mdogo wenu. Huenda asiyasome. Huenda akakaa mwaka na zaidi. Wewe yapeleke, halafu urudi kwako ujitibu, usingoje akusamehe ndipo uanze kupumua.

Jumatatu asubuhi usifungue kazi. Nenda hospitali, na usiseme "nimechoka," kwa sababu wote walio kwenye foleni wamechoka. Sema hivi: "Nikilala naacha kupumua." Omba upimwe shingo, presha na sukari, na uulize wapi wanapima usingizi. Kama hapo hawapimi, usiondoke bila barua ya rufaa. Huenda ukapewa mashine yenye barakoa inayosukuma hewa ipite kooni ukilala. Utaichukia wiki ya kwanza, uivae hivyohivyo. Uzito usiuogope wote kwa mpigo. Daktari anasema hata ukipungua sehemu moja ya kumi koo linaanza kupata nafasi, na huo mkate wa jikoni kwanza uule umekaa, kwenye sahani, vipande viwili. Lala ubavu, usilale chali. Mpaka utibiwe usiendeshe chombo chochote barabarani, na ukisikia macho yanazama, toa mguu kwenye cherehani usimame.

Na usiende peke yako. Wewe hujawahi kujisikia ukinyamaza, huna ushahidi wowote wa kumpa daktari. Mwombe mkeo muongozane, na daktari akiuliza, nyamaza wewe, mwache yeye aseme alihesabu mpaka ngapi.

Shangazi