Tonge Linagoma

Jumatatu, 2 Juni 2025
Tonge limegoma tena! Katikati ya kifua, pale pale pa siku zote. Nikanywa maji — yakarudi puani. Mke wangu Feza kacheka mpaka akakaa chini, kisha akaona aibu. Miezi mitano sasa. Suruali zangu nazipunguza mwenyewe, faida ya kuwa fundi cherehani.

Jumatano, 4 Juni
Kituo cha afya. Muuguzi Ézéchiel kauliza kama nimekula samaki wa Kinkondja. Nani hapa Kamina hajala? Basi, ni mfupa! Dawa yake: meza tonge kubwa la bukari, ugali wetu, bila kutafuna, litausukuma. Feza akanifinyangia la ukubwa wa ngumi. Machozi yalinitoka. Mfupa wowote sikuuona, na tonge lilikaa pale saa nzima.

Ijumaa, 6 Juni
Hospitali. Picha ya kifua: safi. Daktari, msichana mpole, anasema lazima kamera iteremshwe kooni, na kamera iko Lubumbashi. Ni kansa? Kasema hajui. Nimempenda kwa kusema hajui. Lakini naogopa, jamani.

Na Jumapili wanakuja wakwe! Kijana Mulumba anamtaka Laetitia wetu. Kwetu, baba wa msichana asipokula bukari na wageni, amekataa posa. Siku hizi Laetitia ananitazama koo, si macho.

Jumapili, 8 Juni
Siku gani hii! Kuku, sombe ya majani ya muhogo, mlima wa bukari. Upande wao mkubwa ni shangazi wa kijana, mama Kyabu wa Kabongo. Nikakata tonge kama punje ya mahindi, nikalizamisha mchuzini. Naye akakata kama langu! Mimi tena, yeye tena. Dakika ishirini, mlima haujaguswa. Wengine wanatungoja sisi wakubwa. Nikawaza, huyu mama hamtaki mtoto wangu. Laetitia kalia jikoni, namsikia. Mulumba akamnong'oneza shangazi yake: "Mama, ni kusema bamekatala?"

Nikashindwa. "Hatukukatala! Ni bukari njo haipite. Inasimama hapa."

Mama Kyabu akaangusha tonge. "Weye pia? Minyi, miaka mbili! Banasema ni mapepo, banasema ni mufupa ya samaki!"

"Balikumezesha tonge?"

"Kubwa!"

Tulicheka mpaka pumzi ikakata. Feza akaleta uji, vikombe viwili. Posa imekubaliwa!

Alhamisi, 26 Juni
Lubumbashi. Benchi la korido hospitalini, tunangoja kamera, mimi na mama Kyabu. Treni ilituvunja mgongo. Hatujala tangu jana — na kwa mara ya kwanza hakuna anayetulazimisha! Harusi ni Agosti. Tumeapa tutakula bukari mbele ya watu wote. Tukishindwa, uji mbele ya watu wote.

Kaingia yeye kwanza, eti ni mkubwa wangu. Nimehesabu vigae vya ukuta mara tatu.

Ametoka! Anatembea mwenyewe. Ana karatasi. Macho mekundu, lakini anacheka. Nikamuuliza, banasema nini?

"Iko na jina, bokilo. Miaka mbili, leo njo iko na jina. Na haiue."

Jina gani? Refu, la Kifaransa. Kanishika mkono, mkwe wangu huyu.

"Ingia. Ubaulize kama ya weye iko ile ile."

Muuguzi kaita: Ngoie! Ni mimi. Daftari nampa mama Kyabu ashike. Asisome! Naomba Mungu iwe ile ile—