Sharti la Mbio

Jumapili, 14 Septemba. Asubuhi manyunyu, mchana jua, na moyo wangu vivyo hivyo. Leo nitaandika yote, hata yanayoniuma.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: kila Jumamosi, nyumbani kwetu Bondeni, tunacheza mchezo wa mezani wa kusimulia. Kila mchezaji ana mhusika wake karatasini. Mimi ndiye msimulizi: nawaambia wako wapi na nani kawavamia, wao husema watafanya nini, kisha dadu huamua. Wachezaji ni binamu yangu Twalib na rafiki yangu nitakayemwita Zuhura. Si jina lake, lakini mwenyewe atajijua.

Zuhura anachechemea tangu utotoni. Mhusika wake, muuza uvumba aitwaye Mwana Asha, naye anachechemea. Alimtaka hivyo mwenyewe.

Jana Mwana Asha alipanda daraja, na Zuhura akachagua uwezo alioungoja tangu siku ya kwanza: Ngao ya Mwenzio. Mwenye uwezo huo hulizuia pigo linalomwendea rafiki yake. Nikafungua kitabu cha sheria. Sharti: mhusika awe na Mbio kwanza, uwezo ambao anayechechemea hawezi kuupata.

"Sheria ndiyo hiyo," nikasema.

Zuhura akaikunja karatasi yake. "Basi mie nitakuwa mpishi wenu." Akacheka, lakini si kicheko chake ninachokijua.

"Afadhali, maana huko msituni tunakufa njaa," Twalib akadakia.

Nikakifunga kitabu.

Tangu hapo nilikuwa najitetea moyoni. Masharti yana maana yake. Chuoni hupewi msahafu kabla hujazijua herufi. Na Twalib aliihangaikia Mbio Jumamosi nyingi. Nikimpa Zuhura hivi hivi, jasho la mwenzake litakuwa la nini?

Leo alasiri tulikuwa harusini Mji wa Kale. Wanawake tulikuwa juu, madirishani. Chini wanaume walikuwa wakicheza kirumbizi. Wawili huingia uwanjani na bakora, huyu apige, huyu akinge, huku ngoma na zumari zikiwachochea. Mara akaingia ami yangu, ambaye magoti yake hushindwa hata na ngazi za nyumbani kwake. Kijana aliyemkabili alikuwa akirukaruka kama bisi sufuriani.

"Ami, hayo magoti umeyaazima wapi? Nenda kakae!"

"Nitakaa ukinigusa."

Hakuguswa. Aligeuka tu pale pale aliposimama, na kila bakora iliposhuka ilikuta bakora. Shangazi alipiga vigelegele mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa nakifikiria kile kitabu.

Sisemi masharti yote ni upuzi. Ami hakuamka siku moja akawa hivyo. Ameshika bakora tangu ujana wake. Kuna sharti ambalo ni ngazi, ukiliruka utaanguka. Lakini sharti la Mbio ni mlango tu, na aliyeujenga hakumfikiria Zuhura. Asiyeweza kukimbia anaweza kumkinga rafiki yake, mradi awe karibu naye kabla hatari haijafika.

Na Mwana Asha huwa karibu siku zote.

Basi nimeibadilisha sheria kwa penseli. Mwenye uwezo wa Kukinga, ambao Mwana Asha tayari anao, atapata Ngao ya Mwenzio akiwa ubavuni mwa rafiki yake. Mwenye Mbio ataweza kumfikia hata aliye mbali. Baada ya magharibi nikampigia Twalib simu.

"Kwa hivyo mie nimekimbia bure?"

"Hukukimbia bure. Yeye hawezi kufika utakakofika wewe."

"Haya. Lakini sasa nani atapika?"

Nimejiuliza kama nimefanya hivi kwa kuwa ni haki, au kwa kuwa naogopa kumpoteza Zuhura. Nadhani yote mawili. Kuogopa ndiko kulikonifanya nikisome kile kitabu mara ya pili.

Simu zangu hapokei tangu jana. Lakini blogu hii huwa yeye wa kwanza kuisoma.

Zuhura, najua umefika mpaka hapa. Jumamosi ijayo Twalib atavamiwa njiani, na mwenyewe hana habari. Mwana Asha atakuwa wapi, ubavuni mwake au jikoni? Nijibu leo.