Mguu Wangu na Ngoma ya Chama

Lubumbashi, wakati wa baridi

Yaya Ngoie, dada yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juani nyuma ya nyumba, maana mwaka huu baridi ya Lubumbashi inauma mpaka kwenye meno. Natumaini barua hii imekukuta unatembea, unakula, unacheka. Papa anaendeleaje? Kile kikohozi chake kimemwacha, au bado anakificha mbele yenu? Mihogo ya kule ng'ambo ya mto ilitoka, au nguruwe wa porini walishaivuna? Hapa sisi tuko wazima. Watoto wanakua, wifi yako Kabamba ana nguvu, na mimi mdogo wako ni mzima pia, ingawa nikikuelezea yaliyonipata utaona kwamba neno hilo nalisema kwa shida.

Naituma kwa mkono wa dereva wa lori la mahindi anayerudi Mitwaba. Sikutaka kuitia posta. Posta yetu siku hizi inasoma kabla yako.

Ulisikia kwamba niliungua. Sikukueleza namna ilivyokuwa, kwa kuwa sikutaka Papa asikie. Unajua kazi yangu ni pale kwenye tanuru, tunapomwaga mavi ya shaba, yale makapi yanayobaki shaba ikishatoka. Yanatoka mekundu kama damu, yanakwenda kama uji. Siku ile yalirukia mguu wangu wa kushoto, yakaingia ndani ya buti kwa nyuma. Mpaka wenzangu wanaikata ile buti kwa kisu, nyama ya nyuma ya goti na ya shavu la mguu ilikuwa imeiva. Samahani kwa neno hilo, Yaya, lakini harufu yake ndiyo hiyo. Tangu siku ile sili nyama ya kuchoma.

Dispensari walinifunga bendeji, wakanipiga sindano, wakaniambia, "Ulale. Usiguse mguu. Usiukunjue." Nikalala. Nililala mpaka jirani wakaanza kupita mbali na mlango wetu kwa sababu ya harufu. Kidonda kikafunga, kweli, lakini siku walipotoa bendeji mguu ulikuwa umejikunja kama wa kuku aliyekwisha chinjwa. Goti halikunyooka. Kisigino hakikugusa chini. Nilianza kutembea na fimbo, nikirukaruka kwenye vidole, na baada ya muda kiuno kikauma, bega la kulia likauma, shingo ikakaza, kichwa kikawa kinanigonga kutoka asubuhi. Nikarudi dispensari. Wakanipa vidonge vya kichwa.

Yaya, nilijichukia. Nilipovua suruali niligeuza uso. Lile kovu lilikuwa linang'aa, lina mikunjo, jekundu huku, jeupe kule, kama kitu kilichotapikwa. Hata Kabamba, anayenipenda, nilimwona siku moja anabana pumzi anaponiosha. Sikumlaumu.

Ni Kabamba aliyenipeleka kwa Mama Kalonda. Huyu ni mama wa makamo, mtoto wa watu wa reli wa Kamina, alisomea kazi ya kunyoosha viungo, ile wanayoita kine, na anafanya kazi kwenye hospitali ndogo ya masista. Niliingia nikalala kitandani, nikamwonyesha goti. Hakulitazama. Akashika unyayo wa mguu wangu mzima, akaubonyeza taratibu. Akapanda kiunoni. Akafika shingoni. Nikakasirika.

"Mama, mugulu ya bugonjwa ni ile ingine."

"Nimeiona," akasema. "Weye ulishachuna mbuzi?"

"Mara mingi."

"Kati ya ngozi na nyama uliona nini?"

"Kale kantu keupe. Kananatanata."

"Basi njo kale. Kanafunika nyama yote ya muntu, kutoka kisigino mpaka kichwa, kanaingia hata katikati ya nyama. Kako kamoja tu. Moto ilikaunguza hapa nyuma ya goti, kisha balikulalisha, kakakauka, kakashikana. Sasa kanavuta kiuno, kiuno kinavuta shingo. Njo maana unameza dawa ya kichwa kila siku na kichwa haiponi."

Nikamuuliza sindano iko wapi. Akacheka. "Sindano haiko. Iko kazi."

Na kazi ilikuwa kweli. Alianza na pumzi: nilale chali, nivute hewa mpaka tumbo lipande, niitoe polepole. Niliona upuuzi. Kisha kitambaa cha maji ya moto kwenye kovu, kisha vidole vyake na mafuta ya mawese, si kusugua kwa nguvu, bali kubonyeza na kungoja, kubonyeza na kungoja, mpaka nyama iliyo chini ijilegeze yenyewe. Alinifundisha kujua maumivu ya kuvuta, ambayo ni mazuri, na maumivu ya kuchanika, ambayo ni mabaya. Aliniuliza mambo ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Ninalala namna gani? Ninakunywa maji au pombe tu? Ninakula mboga? Nina hasira na nani? Akamwonyesha Kabamba namna ya kushika, na jioni Kabamba akawa ananipaka pale jikoni, watoto wakiwa wanacheza nje. Mara ya kwanza alifumba macho. Baadaye akawa anaimba.

Nakwambia ukweli, Yaya, mguu ukaanza kurudi. Kidogo kidogo, kama mtu aliyekasirika anavyorudi nyumbani. Shingo ikafunguka kwanza, halafu kiuno, halafu goti. Kichwa kikaacha kugonga. Asubuhi moja niliamka nikaweka unyayo mzima sakafuni, nikamwita Kabamba aje kuona. Alilia.

Sasa inakuja sehemu niliyotaka kuiruka.

Unakumbuka namna nilivyokuwa nacheza ngoma kwetu. Hapa nilipofika kazini waliniweka kwenye kikundi cha animasyon cha Chama, wale wanaoimba na kumchezea Kiongozi kila akija mkubwa. Wafanyakazi wa tanuru, akina mama wenye mimba, walimu wenye mvi, wote tunakata kiuno juani, tunaimba kwamba Kiongozi ni baba, Kiongozi ni mvua. Ukikosa unaandikwa adui. Kwa kidonda changu nilikuwa nimepumzika. Nilikuwa karibu namshukuru Mungu kwa kidonda.

Mkubwa wa kikundi ni Kasweka, Sitwayeni Kasweka, yaani Raia Kasweka, maana siku hizi neno bwana limekatazwa. Ni mtu mnene, anajipaka manukato mpaka unapiga chafya. Alisikia kwamba natembea. Akaja kwetu tukiwa tunamega bukari, ugali wetu, akakaa bila kukaribishwa, akachovya kidole kwenye sombe yetu ya majani ya muhogo, akalamba.

"Numbi, mugulu yako imepona! Njo vile Kiongozi anaponesha bantu yake."

Nikamwambia ni Mama Kalonda, na mafuta, na mke wangu.

"Achana na bale. Sikia. Bageni banatoka Kinshasa. Utaingia na fimbo, unalema, unalia. Bamama banaimba jina ya Kiongozi. Pale, unatupa fimbo, unacheza ile ngoma yako ya chini kabisa. Bantu batapiga makelele!"

"Sitwayeni, kovu bado. Mama Kalonda alisema nitembee, nipande ngazi, lakini nisiruke wala nisichutame kwa nguvu. Itapasuka."

Akaangalia ukuta wetu, akaangalia paa, akaangalia watoto. "Nyumba hii iko ya kampuni, hapana?" akauliza. Akalamba tena kidole.

Nilikubali, Yaya. Watoto walikuwa wanatutazama.

Siku yenyewe walitusimamisha tangu jua halijatoka, baridi imetukaza kama miti, na wageni walifika jua likiwa kichwani. Hakuna aliyepewa hata maji. Nilijaribu kuuandaa mguu kama nilivyofundishwa, nikauvuta, nikapumua, lakini Kasweka akanikemea nisionekane nanyooka kabla ya wakati. Walitufunga vikwembe vipya kiunoni, vile vitenge vyenye sura ya Kiongozi, kichwa kimoja mbele, kingine nyuma. Wakaniita. Nikaingia na fimbo, nikichechemea uongo mbele ya watu wanaojua nilivyochechemea kweli. Akina mama wakaimba. Nikatupa fimbo.

Nilikwenda chini mara ya kwanza, kovu likashika. Nikapanda. Kasweka akanionyesha kwa mkono: chini zaidi. Nikachutama, nikaruka, na hapo nikasikia kitu kinachanika nyuma ya goti, kama unavyopasua kitambaa cha zamani. Joto likashuka mpaka kwenye kisigino. Watu wakapiga makofi. Nikaendelea kucheza, Yaya. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Nilitabasamu nikaendelea mpaka ngoma ikaisha.

Kasweka alinivuta nyuma ya jukwaa. Nilidhani ameona ninavyochechemea. Alikuwa anatazama kikwembe changu. Damu ilikuwa imepanda kutoka kwenye pindo na kufika kwenye sura ya Kiongozi, kwenye shavu na mdomo.

"Umechafua Sura!" Alisema kwa sauti ya chini. "Unajua banafunga muntu juu ya ile? Fua! Fua mbio!"

Wakaleta beseni na kipande cha sabuni. Wakanipigisha magoti, mguu ukiwa wazi, nyama inaonekana, vumbi linaingia. Yeye alikuwa amesimama juu yangu, ameziba pua kwa leso yake ya manukato, kwa sababu ya harufu ya damu yangu. Hakuna aliyeleta kitambaa cha kunifunga. Upande wa pili wa mbao za jukwaa akina mama walikuwa bado wanaimba kwamba Kiongozi amemponesha Numbi. Mimi Numbi nilikuwa napangusa mdomo wa Kiongozi kwa sabuni, maji yanakuwa mekundu, na wageni nawasikia wanafungua chupa za bia. Kikwembe kilipotakata walikichukua kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga, wakakianika kivulini. Nilitapika palepale kwenye beseni.

Wenzangu wa tanuru walinibeba mpaka kwa masista. Mama Kalonda alifungua, akaangalia. Alitoka nje. Nilimsikia anatema mate. Akarudi na maji ya chumvi, akaosha, akasema, "Tutaanza tena." Nilimwambia sitaki, mguu huu haufai kuponywa, ukipona wanauchukua. Akasema, "Nasikia. Sasa vuta pumzi."

Tulianza tena, kutoka kwenye pumzi. Ilikuwa ngumu kuliko mwanzo, maana mwili ulikuwa umejifunga wote. Mama Kalonda aliniambia nyama inasikia kinyaa kama tumbo, inajikunja. Kila nilipofumba macho niliona lile beseni. Lakini Kabamba hakuchoka, na mguu, ambao una akili kuliko mimi, ukarudi tena.

Kasweka naye akarudi. Safari hii aliniita kwenye uwanja wa Chama, mbele ya kikundi kizima, maana wageni wengine walikuwa wanakuja. Alikuwa na fimbo mpya mkononi, ameipaka rangi ya kijani ya Chama.

"Sitacheza," nikamwambia.

"Unasema nini?"

"Mugulu iko yangu, Sitwayeni. Nitafanya kazi, nitamwaga mavi ya shaba, lakini kucheza, hapana."

Watu wakatazama chini. Mwalimu mmoja mzee, niliyemzoea, akakohoa, kisha akajisogeza akasimama karibu nami. Alisimama tu. Kasweka akacheka, akasema nitaona.

Nimeona. Wamenitoa tanuruni, wananitoa kwenye nyumba. Wananipeleka Kambove, kwenye mgodi wa zamani, kufagia mabehewa. Mwalimu mzee wamemnyima darasa lake, na hilo linaniuma kuliko nyumba. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akaniambia kwamba jioni ile alilala usingizi mzito, kitu ambacho alikuwa amekisahau.

Tunaondoka wiki hii. Kabamba amefunga vyombo, na Mama Kalonda amempa chupa ya mafuta na maneno mengi. Mji huu nitauacha bila kugeuka nyuma. Moshi wake umo kwenye nguo zangu, nyimbo zake zimo masikioni, na nikisikia ngoma mbali nafunga dirisha, mimi niliyekuwa naacha chakula nikisikia ngoma. Hicho walikiharibu kweli, na sijui kama kuna mikono ya kukinyoosha.

Najua hata huko watu wa Chama wataulizia. Wakikuuliza kama ndugu yako bado anacheza, waambie hachezi. Anatembea.

Mwambie mujomba Banza, ambaye nasikia alianguka na baiskeli akavunjika mkono, asiufunge kifuani na kuusahau hapo. Mfupa ukishashika, auchezeshe kila siku kidogo, mke wake ampashe bega kwa maji ya moto, amshike polepole, asimvute kwa nguvu. Na anywe maji, si munkoyo peke yake. Msalimie Papa, usimsomee habari ya beseni, msomee ya kutembea. Msalimie kaku wetu, mama yake na Mama, umwambie kwamba jina lake tutampa mtoto tunayemngojea, maana Kabamba ni mzito. Shemeji yangu, bwana wako, mwambie ule msumeno alioniomba nitaununua Likasi nikipita. Watoto wako wote wabusu vichwani.

Nijibu kwa huyuhuyu dereva. Ataniulizia Kambove, mtu wa kufagia mabehewa.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,

Numbi